Risala ya wahitimu wa mafunzo ya kanuni za umeme kwa jenereta za nyumbani na chaja za magari

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na ndugu wote mliofika, habari za mchana.

Kwanza asante sana kwa kukubali kuja, tunajua una mambo mengi, kwa hiyo hatutazunguka ila kuna mawili matatu inabidi tuyaseme kwa kirefu kidogo mana ndo yaliyotuleta kwenye haya mafunzo.

Mgeni rasmi, wengi wetu tuliingia hapa tayari ni mafundi. Kupiga waya nyumba, kufunga soketi, kupanga bodi, hizo tunafanya kila siku. Shida ni kwamba nyumba nyingi zilipigwa waya na mtu ambaye hakuwaza kabisa kwamba siku moja umeme utaingia kwa mlango wa nyuma kutoka kwenye jenereta, wala kwamba kuna gari litalala limechomekwa ukutani usiku kucha.

Tuanze na jenereta. Pengine ushauona ule waya wenye plagi dume huku na huku, mtu anachomeka upande mmoja kwenye jenereta upande wa pili kwenye soketi ya ukutani na nyumba nzima inawaka, anajiona mjanja. Sasa kama meini swichi haijazimwa ule umeme unatoka nje hadi kwenye transfoma, na transfoma haiulizi umeme umetoka wapi, inaupandisha tu, volti 230 zinakuwa maelfu ya volti, kwenye laini nyingi ni 11,000, na muda huo kuna mwenzetu yuko juu ya nguzo anajua laini imekatwa. Na plagi ikichomoka bahati mbaya zile pini zake zina umeme, mtoto akigusa bas. Ndo mana kanuni, iwe IEC 60364 (kanuni za kimataifa za umeme wa majengo) sehemu ya 551 au kule Marekani NEC (kanuni zao za umeme) kifungu cha 702, zinataka chenjiova, yani swichi ya kuchagua chanzo kimoja cha umeme, au kifaa kingine kinachozuia vyanzo viwili visikutane. Habari ya "nitakumbuka kuzima" haitoshi.

Kitu kilichotushtua zaidi ni nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Jenereta nyingi ndogo za kubeba nyutro yake inaelea, yani haijaungwa na ethi (waya wa ardhini) wala na fremu. Mwalimu alifunga RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, kwenye jenereta ya namna hiyo, akabonyeza kitufe cha test, ikakata, darasa zima tukaridhika. Halafu akaweka testa ya kuvujisha umeme kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na ethi, kimya, haikukata hata kidogo! Kumbe kile kitufe kinazungusha umeme kati ya fezi na nyutro humo humo ndani, ethi hakiihitaji, kwa hiyo kinaweza kukwambia mambo safi wakati mtu akipigwa shoti kuelekea ardhini hakuna njia ya umeme kurudi kwenye jenereta na RCD haioni kitu. Alipounga nyutro na fremu akarudia, ikakata pale pale. Ila nayo si ya kuunga ovyo, inatakiwa sehemu moja tu, na inategemea chenjiova yako inabadilisha nyutro au inaiacha. Hapa ndipo mafundi tulibishana mpaka chai ikapoa.

Moshi tutausema kwa kifupi: jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, ekzosti isielekee dirisha wala mlango, mana kaboni monoksidi haina harufu.

Tukija kwenye chaja, ukubwa wa umeme peke yake si tatizo, tatizo ni muda. Birika la umeme linavuta sana ila dakika chache limezima, wakati chaja ya ampea 32, ambayo ni kama kilowati 7.4, inavuta hivyo hivyo masaa na masaa bila kupumzika. Skrubu iliyolegea kwenye bodi ambayo ingevumilia miaka kwa birika, kwa chaja itaanza kuyeyusha plastiki. NEC inahesabu mzigo wa masaa 3 na kuendelea kuwa ni wa mfululizo na inaongeza asilimia 25, kwa hiyo hiyo chaja ya ampea 32 inapewa breka ya 40. Na kwa upande wa IEC, 60364-7-722 inataka RCD ya aina B, inayoona hata uvujaji wa DC (umeme wa upande mmoja kama wa betri), au ya aina A ikiwa na kifaa cha kugundua uvujaji wa DC wa miliampea 6, mana DC ikizidi inaipumbaza ile RCD ya kawaida na huwezi kujua kwa kuiangalia.

Tena hivi vitu viwili vinakutana. Mtu anachomeka chaja kwenye jenereta yake ndogo, chaja nyingi zinakagua ethi kwanza, zikikuta nyutro inaelea zinagoma, mwenye gari anampigia simu fundi kwamba kamfungia chaja mbovu. Na hata ikikubali, jenereta ya kilowati 3 haiwezi kubeba 7.4, lazima chaja ishushwe ampea, na fundi ambaye hajawahi kuifungua ile menyu ataishia kukisia.

Sasa changamoto zetu. Chaja ya mazoezi ni moja, darasa zima tunaizunguka. Kifaa cha kujifanya gari, kile kinachoiambia chaja "niko tayari, washa", hatuna, kwa hiyo ile ishara ya kilohezi 1 ambayo chaja na gari vinaongea tumeiona kwenye picha za mwalimu tu. NEC inatoka upya kila baada ya miaka 3 na nakala iliyopo maktaba imeshapitwa.

Mgeni rasmi, tunaomba utusaidie tupate hicho kifaa cha kupimia chaja, RCD ya aina B angalau moja, bisibisi za kukazia zenye kipimo, na toleo jipya la kanuni. Na kama ikiwezekana siku za vitendo ziongezwe kwa wanaokuja nyuma yetu, hata nadharia ikipungua kidogo walimu watusamehe.

Naomba kuwasilisha.