Punda wako hana kazi: barua kwa binti wa halati

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Picha za kitabu chako cha watoto ulizonitumia nimezitazama zote, na watoto wa chekechea ninaowasomesha hapa Amu (Lamu) nao wamezitazama. Nakujibu hadharani kwa kuwa si wewe peke yako uliyeshika kalamu za rangi. Pwani hii wapo wengi wanaotaka kutoa vitabu vya watoto vya wanyama wa nyumbani, na nitakayokwambia yanawahusu wao pia. Mkono unao, hilo halina ubishi. Jogoo wako nusura awike. Ila wanyama wako wote hawana kazi wala hawana mwenyewe.

Chukua ukurasa wa punda. Kasimama kwenye majani mabichi, nyuma yake ghala jekundu la mbao na vilima, pembeni mzee kavaa kofia pana na buti za mpira. Lile ni shamba la Uingereza au Marekani, na kwao lina maana: ghala huwekwa majani makavu ng'ombe wapate kula msimu wa baridi, na buti ni za tope. Aliyechora mwanzo alichora alichokiona nje ya dirisha lake. Wewe dirishani kwako unaona nini?

Kuna mtoto mmoja darasani aliuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Mwalimu, huyu punda wa nani?" Wenzake wakadakia, mzigo wake uko wapi. Mtoto wa Amu hajapata kumwona punda asiye na mtu wa kumpigia kelele. Basi mrudishe kazini. Mchore wa kijivu, na ule mstari mweusi unaoshuka mgongoni ukakatwa na mwingine mabegani, maana watoto wanaujua na wataukosa. Mtie shogi, yale makapu mawili ya mgongoni, upande huu mchanga na upande huu mchanga, kijana nyuma na fimbo. Ule mkokoteni uliomfunga uondoe kabisa. Huu ni mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na moja ya sababu ni ramani yake ya zamani ya vichochoro. Humo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kungoja. Kungoja huko tayari ni ukurasa mzima wa kuchekesha, tena bila neno hata moja. Kisha ukitaka ukurasa wa huruma, mchore akichechemea, mjomba na mtoto wakimpeleka kwenye ile zahanati ya punda iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza miaka ya 1980. Hicho ni kisa, na si orodha ya wanyama na milio yao.

Orodha yenyewe ni kongwe. Comenius, mwalimu wa Ulaya wa zamani, alitoa kitabu chake cha picha kwa watoto mwaka 1658, na mwanzoni kabisa kaweka wanyama na sauti zao, kunguru akilia na kondoo akilia, ili mtoto ajifunze herufi. Karibu miaka 400 na bado tunamuuliza mtoto paka anasemaje. Si vibaya kwa mtoto wa mwaka mmoja. Wa miaka mitano amekwishachoka.

Kuku wako nimempenda, lakini mpe mwenyewe. Nyumbani kwetu kuku ni wa mama, na hakuna wa kumgusa bila idhini yake. Mama akimlaza kuku, kila yai hulitia alama ya mkaa, ili kuku mwingine akija kutagia mule mule, lile jipya lijulikane liondolewe. Baada ya siku kadhaa huyainua moja moja mbele ya tochi usiku, vidole vikiwa vyekundu kwa mwanga, atazame kama mna mishipa ndani au maji matupu. Mtoto akiona mkono ule na yai lile, hutamwambia tena kwamba kuku hutaga mayai. Kuatamia ni siku 21; zipitishe kurasa tatu nne, mama akipita na shughuli zake, kuku palepale kanuna.

Halafu mavazi. Kanga uliyomvika bibi haina jina. Ina maua, ina pindo, lakini pale chini pa maandishi umepaacha patupu. Andika jina, tena liwe la kumsema jirani. Mtu mzima anayemsomea mtoto atacheka peke yake, na mtoto atauliza anachekea nini.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua tutagombana. Kitabu chako kina mama mjamzito mwanzoni na mtoto mchanga mwishoni, na katikati kuna mbuzi. Mbuzi huyu anafanya nini? Umemfunga utepe shingoni na kumchekesha. Lakini sisi sote tunajua mbuzi nyumbani penye mtoto mchanga ni wa nini. Siku ya saba mtoto hunyolewa, hupewa jina, na akika huchinjwa: wawili akiwa wa kiume, mmoja akiwa wa kike. Watoto wanaona. Wanamlisha maganda ya ndizi, wanampa jina wakati wamekatazwa wasimpe, na siku ile wanasimama mlangoni. Vitabu vingi vya mashambani kutoka nje humficha mnyama palepale. Ng'ombe hutoa maziwa na hadithi ikaisha, kana kwamba nyama huota dukani.

Sikuombi uchore kisu. Kitabu cha picha kina kitu ambacho hadithi ya mdomo haina, nacho ni kufungua ukurasa. Vitabu hivi kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtamboni hukunjwa mara kadhaa ikatoa kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita, kwa hiyo nafasi unayo. Kwenye ukurasa wa kulia mbuzi na mtoto wakitazamana. Ukifunguliwa, sufuria ziko jikoni, sahani zimefunikwa kawa, watoto wanazipeleka kwa majirani, na shangazi kashika kichwa cha mtoto mchanga kilichonyolewa. Mtoto ataelewa, na asiyeelewa atauliza, na mwenye kumjibu yuko karibu naye. Ila angalia mbuzi awe mkubwa, maana mwanambuzi hafai akika na wazee watakushika hapo hapo.

Maneno yako ni mengi. "Hapo zamani palikuwa na familia iliyokuwa ikiishi..." ya nini, na picha inawaonyesha? Wewe umezaliwa Amu, mji wa tenzi. Mizani minane, yaani silabi nane kila mstari, unayo masikioni tangu utotoni. Mistari minne kwa ukurasa inatosha, hata hii ya haraka haraka:

Punda kabeba mchanga,
kuku kaingia tenga,
bibi kajifunga kanga,
mbuzi kala karatasi.

Niliwasomea darasani, na siku ya pili waliingia wakiisema wenyewe. Mstari wa mwisho ndio waliupigia kelele, kwa kuwa mbuzi wa mtaani kwetu kweli hula maboksi. Yule wako anakula majani kwenye bakuli.

Paka nimesahau. Waweke, wembamba wenye miguu mirefu, kila ukurasa mmoja kajificha. Usiwataje katika maneno, watoto watawatafuta.

Ukija kwa Maulidi, njoo na kurasa za penseli tu, rangi bado. Ile ya akika nataka kuiona kwanza. Mchapishaji akisema wazazi hawatainunua, mpe nambari yangu.

Dadako wa Amu