Barua ya malalamiko kuhusu tyubu za LED zilizotangazwa kudumu saa 50,000

Kamati ya Majengo ya Shule,
Tanga.
14 Agosti 2024

Meneja wa Ubora na Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TYUBU ZA LED ZA WATI 18 NA RIPOTI ZA VIPIMO MLIZOTULETEA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanzoni mwa mwaka jana shule yetu ilinunua kwenu tyubu za LED za futi nne, wati 18, kwa ajili ya madarasa, maktaba na maabara ya kemia. Boksi lake limeandikwa kwamba kila tyubu inatoa mwanga wa lumeni 1,800, inafanya kazi kwenye umeme wa volti 100 hadi 265, inadumu saa 50,000 na ina dhamana ya miaka mitatu. Namba hizo ndizo zilizotufanya tuziache tyubu za bei ndogo zaidi na kutumia michango ya wazazi kununua za kwenu. Leo nyingi zimefifia na nyingine zimezima kabisa, na wanafunzi wa kidato cha nne wanasogeza madawati katikati ya darasa wakati wa prepo ili wagawane mwanga wa tyubu zilizobaki. Taa za madarasa huwaka saa chache asubuhi na jioni, tena siku za masomo tu, kwa hiyo hata saa 2,000 hazijafika.

Tulipolalamika mara ya kwanza, ofisi yenu ilijibu kuwa tatizo ni umeme wetu. Tulipoomba ushahidi wa zile saa 50,000, mlituletea ripoti mbili za maabara. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nimezisoma zote mbili kwa makini kuanzia jalada hadi viambatanisho. Ninaandika kwa niaba ya kamati kusema kwamba ripoti hizo hazihusu bidhaa mliyotuuzia, na kwamba hata kwa yale zinayoyahusu hazithibitishi kilichoandikwa kwenye boksi.

Ripoti ya kwanza ni ya kipimo cha LM-80. Hii ni njia iliyochapishwa mwaka 2008 na chama cha wahandisi wa mwanga cha Amerika Kaskazini, IES, na kazi yake ni kupima jinsi chipu ya LED, yaani kile kijipande kinachotoa mwanga, inavyopoteza mwanga kadiri saa zinavyopita. Chipu hufungwa kwenye kibao cha maabara, hupewa mkondo wa umeme usioyumba, joto la mwili wake hushikiliwa kwenye kiwango kilichopangwa, kwa mfano nyuzi 55 au 85 za Selsiasi, kisha mwanga wake hupimwa mara kwa mara kwa muda usiopungua saa 6,000. Ni kipimo kizuri na sina ugomvi nacho. Lakini ndani yake hamna tyubu, hamna draiva (saketi inayogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaoifaa chipu), hamna kifuniko cha plastiki wala fremu ya darini. Kutuletea hicho kama uthibitisho wa tyubu nzima ni kama kumwonyesha abiria cheti cha matairi anapouliza kama basi ni zima.

Zaidi ya hapo, hesabu yenyewe inawakataa. Makadirio ya maisha kutokana na data za LM-80 hufanywa kwa njia iitwayo TM-21, iliyotolewa mwaka 2011, nayo ina mpaka ulio wazi: sampuli zikiwa 20 au zaidi, makadirio hayaruhusiwi kuvuka mara sita ya muda wa kipimo, na zikiwa kati ya 10 na 19 hayaruhusiwi kuvuka mara tano na nusu. Ripoti yenu ina chipu 25 zilizopimwa kwa saa 6,000. Mara sita ya saa 6,000 ni saa 36,000, na ndiyo namba iliyochapishwa kwenye ukurasa wa makadirio wa ripoti hiyo hiyo. Saa 14,000 zilizoongezwa kwenye boksi hazimo katika waraka wowote mliotupa. Isitoshe, hata hizo saa 36,000 ni za safu ya nyuzi 55, ambayo mmeizungushia kalamu, ilhali hakuna mahali mlipoonyesha kwamba chipu zilizo ndani ya tyubu hii hubaki kwenye joto hilo zikiwa kazini.

Naomba mnivumilie kidogo kwenye suala la draiva, kwa sababu ndipo tyubu zetu zinapofia. Pamoja na fundi umeme wa shule tulifungua tyubu moja iliyozima na moja mpya iliyobaki stoo, zote za shehena moja. Draiva imebanwa kwenye kifuniko cha ncha moja, mahali pasipo na njia ya hewa. Katika tyubu mpya kapasita yake, yaani kifaa kinachotunza chaji na kulainisha umeme, ina kichwa bapa na kibao chake ni cheupe. Katika ile iliyozima, kichwa cha kapasita kimevimba na kupasuka kwenye alama yake ya msalaba, na kibao kimegeuka rangi ya kahawia kukizunguka. Gamba la kapasita limeandikwa nyuzi 105. Tulipoiweka waya ya kupimia joto kando ya draiva ya tyubu inayowaka ndani ya fremu, ilisoma karibu nyuzi 80.

Kapasita za aina hii zina maji ya elektrolaiti ambayo hukauka kwa joto, na kanuni wanayoitumia watu wa elektroniki ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, maisha yake hupungua kwa takriban nusu. Tuseme kapasita hiyo ni ya daraja la kawaida la saa 2,000 katika nyuzi 105. Kwa nyuzi 80, kanuni hiyo inaipa saa zipatazo 11,000, ambazo hazifiki hata robo ya saa 50,000, na hapo tunahesabu kwa kuwapendelea. Zetu hazikufika huko. Chipu inaweza kuwa na uwezo wa kuwaka miaka mingi ijayo, lakini kapasita ikishakufa taa nzima imekufa, na LM-80 haina la kusema juu ya kapasita.

Ripoti ya pili, ya LM-79, angalau inapima taa iliyokamilika. Tatizo la kwanza ni kwamba taa hiyo si yetu: namba ya modeli ni ya tyubu ya futi mbili ya wati 9. Tatizo la pili ni kwamba LM-79 hupima taa ikiwa mpya, kwenye chumba chenye hewa tulivu ya nyuzi 25, na haidai kueleza taa hiyo itakuwaje baada ya mwaka. Madarasa yetu yameezekwa bati na yana dari la mbao laini, na kwa joto la Tanga mwezi Februari nafasi iliyo juu ya dari huendelea kutoa joto hata jua likishazama.

Tumefanya kipimo chetu wenyewe, nami nakieleza ili mhandisi wenu aweze kukirudia. Usiku, madirisha yakiwa yamefungwa na taa nyingine zote zimezimwa, tuliweka kipima mwanga juu ya meza chini ya fremu moja, tukaweka alama ili kisisogee. Kila tyubu iliachwa iwake nusu saa hadi mwanga wake utulie, tukaandika volti za wakati huo, kisha tukasoma laksi, yaani kiasi cha mwanga unaoangukia meza. Tulibadilisha tyubu tu, mpya kutoka stoo na zilizotumika darasani, na kila kingine kilibaki vilevile. Zilizotumika zilitoa kati ya asilimia 58 na 64 ya mwanga wa zile mpya.

Najua mtasema kipima mwanga cha shule hakijahakikiwa. Ni kweli, na ndiyo maana sikuandika laksi zenyewe. Kosa la kifaa lipo sawasawa kwenye usomaji wa tyubu mpya na wa tyubu iliyotumika, kwa hiyo linaposhughulikiwa kama uwiano linajifuta kwa sehemu kubwa. Katika tasnia yenu, maisha ya LED huhesabiwa kuwa yamekwisha pale mwanga unaposhuka hadi asilimia 70 ya ule wa awali, kiwango kinachoitwa L70, na ripoti yenu imekitumia. Kwa kipimo hicho hicho, hata tyubu zetu ambazo bado zinawaka zimekwisha maisha yake.

Kuhusu umeme, hatubishi kwamba jioni volti hushuka, na fundi wetu amewahi kusoma 190. Lakini 190 iko kati ya 100 na 265 mlizoandika nyinyi. Kama taa haiwezi kuvumilia mabadiliko yaliyo ndani ya mipaka yake yenyewe, mipaka hiyo ilipaswa kupimwa kabla ya kuchapishwa. Wala hoja ya ufungaji haisimami, kwani fundi alifuata karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi, akaondoa choki na stata, vile vifaa vya tyubu za zamani, katika kila fremu, na mwakilishi wenu alipokuja alikagua akaridhika.

Kupima taa nzima kwenye joto si jambo lisilowezekana. Katika shindano la L Prize la Wizara ya Nishati ya Marekani, ambalo Philips ilishinda mwaka 2011 kwa balbu ya kuchukua nafasi ya ile ya wati 60, balbu 200 zilizokamilika ziliachwa ziwake kwenye joto la nyuzi 45, na kipimo kiliendelea kwa zaidi ya saa 25,000. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62612 nacho, kinachohusu balbu za LED zenye draiva ndani, kina kipimo cha kuwasha na kuzima, sekunde 30 kwa sekunde 30, kwa idadi ya mara iliyo sawa na nusu ya saa za maisha yaliyotangazwa. Hatuwadai gharama za shindano la Marekani. Tunadai kwamba atakayeandika saa 50,000 awe amepima kitu kinachofanana na anachokiuza.

Yapo mambo mawili mengine ambayo boksi halikuyasema na ripoti hazikuyagusa. La kwanza ni kumeta. Ukielekeza kamera ya simu kwenye tyubu zilizochoka, mistari myeusi hupita kwenye kioo, na wanafunzi wanaosoma chini yake wanalalamika macho na kichwa. Kwenye umeme wa hezi 50 taa humeta mara 100 kwa sekunde, na kapasita inapokauka kumeta huko huongezeka. Mwongozo namba 1789 wa mwaka 2015 wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, unashauri kwamba kwa kasi hiyo kumeta kusizidi asilimia 8 ili athari iwe ndogo. Simu haiwezi kutupa asilimia, lakini maabara inaweza, na hatujaona namba hiyo popote.

La pili linahusu maabara ya kemia. Boksi linasema Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, ni zaidi ya 80, lakini Ra ni wastani wa rangi nane za majaribio zilizopauka, na wekundu mkali, unaopimwa kwa R9, haumo katika wastani huo. Mwanafunzi anayetazama metili orenji ikigeuka, au anayeamua kama mashapo yake ni ya kahawia yenye wekundu, anautegemea wekundu huo kupata alama zake. Tunaomba mtupatie thamani ya R9.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo yafuatayo. Kwa kuwa dhamana ya miaka mitatu bado ipo hai, mbadilishe tyubu zote zilizozima na zilizoshuka chini ya asilimia 70, au mrudishe fedha, pamoja na kulipa gharama ya fundi wa kuzitoa na kuzifunga upya. Stakabadhi ya EFD na hati ya mapokezi zimeambatanishwa. Hatutakubali tyubu za shehena ileile hadi tuone ripoti ya modeli hii ya wati 18, ikiwa na joto la draiva na la chipu lililopimwa ndani ya fremu, matokeo katika volti za chini na za juu mlizotangaza, asilimia ya kumeta na thamani ya R9. Endapo mna shaka na vipimo vyetu, tuko tayari zichaguliwe tyubu kwa kubahatisha, nusu kutoka madarasani na nusu kutoka stoo, zitiwe lakiri na pande zote mbili na kupelekwa kwenye maabara isiyo yenu wala yetu. Hatutakubali sampuli mtakazotuma nyinyi peke yenu. Tunaomba pia maneno ya saa 50,000 yaondolewe kwenye maboksi yaliyoko madukani hadi yatakapokuwa na kipimo nyuma yake, maana shule nyingine zinaendelea kununua kwa kuyasoma hayo.

Tunatarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii. Tusipoyapata, tutapeleka barua hii, ripoti zenu na tyubu zilizofunguliwa kwa Shirika la Viwango Tanzania, na kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Mitihani ya kidato cha nne ni Novemba, na tungependa zaidi suala hili liishe kabla ya hapo kati yetu na nyinyi. Mhandisi wenu anakaribishwa shuleni jioni yoyote ya siku ya masomo, na kipimo chetu tutakirudia mbele yake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kamati ya Majengo ya Shule.

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule.
Viambatanisho: stakabadhi ya EFD, hati ya mapokezi, jedwali la vipimo vya mwanga, picha za draiva.