Rukia, Mwambie Kabla Mshenga Hajarudi

Hangzhou, China

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, masomo yanaendelea na baridi imeanza kupungua. Natumai wewe, mama na Salimu nyote hamjambo.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Kwa habari ya posa nimefurahi, tena nimefurahi kweli, maana huyo kijana umenisimulia habari zake siku nyingi na sijakusikia ukimtaja kwa uchungu. Ila lile swali la mwisho, uliloliuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliyesikia nyayo mlangoni, halijibiki kwa simu. Unataka kujua kama umwambie kwamba Salimu ni mwanao wa kumzaa, si mdogo wako kama mtaa mzima unavyoamini, au unyamaze mpaka nikaha ipite. Nimeona bora nikae nikuandikie.

Wachina wana hadithi za kale za mapenzi ambazo kila mtoto wa huku anazijua. Nilipokuwa nakusikiliza zilinijia zenyewe, kwa sababu kadhaa kati yake zina mtu aliyeingia kwenye ndoa na jambo moja amelifunika. Nakusimulia kwa sababu zimenisaidia kufikiri.

Moja ni ya hapa hapa Hangzhou. Katikati ya mji kuna ziwa, Xihu, na kwenye ziwa kuna daraja linaloitwa Duanqiao. Hapo ndipo, wanasema, Bai Suzhen alipokutana na Xu Xian siku ya mvua. Xu Xian alikuwa kijana wa duka la dawa za mitishamba. Bai Suzhen alikuwa nyoka mweupe aliyejinyima na kujifunza siri za kimungu kwa miaka elfu, hadi akapata umbo la mwanamke. Kijana akamwazima mwavuli, kesho yake akaufuata nyumbani kwake, na unajua mwenyewe mwavuli wa namna hiyo haurudi kwa safari moja. Wakaoana, wakafungua duka lao la dawa. Bibi yule alikuwa mke mwema, akitibu hata wasio na cha kulipa. Mumewe alijua kila kitu juu yake isipokuwa kimoja.

Kikaja kisa cha mtawa Fahai. Yeye aligundua Bai ni nani, akamnong'oneza mume: subiri sikukuu ya Duanwu, tarehe tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yao, kisha mpe mkeo kikombe uone. Siku hiyo watu walikuwa na desturi ya kunywa pombe iliyotiwa unga wa jiwe la rangi ya chungwa, wakiamini linafukuza nyoka na wadudu wenye sumu. Rukia, hapa ndipo moyo wangu unaposhikwa kila mara. Xiaoqing, mwenzake Bai ambaye naye alikuwa nyoka, wa kijani, alishajificha mlimani siku ile. Bai akabaki, kwa kuwa mume angeuliza ameenda wapi. Akaletewa kikombe, mume anamsihi kwa upendo, kidogo tu, leo sikukuu. Bai alijua kilichomo. Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo ndiyo aliyokuwa akiyakwepa tangu siku ya mwavuli. Akanywa.

Xu Xian alipofunua pazia la kitanda akakuta nyoka mkubwa mweupe. Akaanguka, akafa kwa hofu. Bai aliporudiwa na umbo lake alikwenda, mja mzito, hadi mlima Kunlun kuiba mmea wa uhai, akapigana na walinzi, akarudi nao, akamfufua.

Nakuomba uangalie kitu kimoja. Yule bwana aliuawa na kule kukutana na jambo peke yake, nyuma ya pazia, bila neno hata moja kutoka kwa mkewe. Najua hivyo kwa sababu hadithi yenyewe inatuonyesha upande wa pili. Katika opera kama inavyochezwa leo, baada ya vita na mafuriko kwenye hekalu la Jinshan alikozuiliwa mume, wanakutana tena palepale Duanqiao. Xiaoqing ana upanga mkononi, anataka kumwua Xu Xian kwa kumsikiliza Fahai. Bai anamzuia, kisha anamwambia mumewe kwa kinywa chake: mimi si binti wa watu, mimi ni nyoka. Na yule aliyekufa kwa kuona hakimbii. Anasema hata kama ni hivyo, moyo wake haubadiliki. Nyoka ni yuleyule. Safari hii amesikia kutoka kwa mwenyewe.

Sikufichi kwamba hawakuachwa wakaishi kwa raha. Alipokwisha kujifungua mtoto wa kiume, Fahai alimfungia Bai chini ya mnara wa Leifeng. Mnara ule ulikuwepo kweli, ulijengwa mwaka 975, ukaanguka tarehe 25 Septemba 1924 baada ya watu wa vizazi vingi kuchomoa matofali yake wakiamini yana baraka. Mpya ulifunguliwa 2002. Nimeupanda, na chini yake kifusi cha ule wa zamani kimezungushiwa vioo. Nilisimama pale muda mrefu nikifikiri kwamba Fahai yuko kila mji. Tanga pia wapo, unawajua kwa majina. Penye wengi pana mengi, na atatokea mtu kwenye msiba au harusi amvute pembeni huyo kijana amwambie "mke wako yule ana mtoto". Hapo utakuwa umeshikishwa kikombe.

Watu wa huku wakitaka kusifu mapenzi hutaja zaidi Niulang mchunga ng'ombe na Zhinü mfumaji wa mbinguni. Ni zile nyota mbili kali, Altair na Vega, zilizotengwa na mto wa nyota angani, na hukutana usiku wa tarehe saba ya mwezi wa saba juu ya daraja linaloundwa na kundi la ndege. Maduka hujaa maua. Mimi inanisumbua inavyoanza, kwa masimulizi yanayojulikana zaidi: Niulang aliambiwa na ng'ombe wake achukue nguo za Zhinü akiwa anaoga, ili asipate kuruka kurudi kwao. Zhinü akaolewa naye, wakazaa watoto wawili, na watu wanalilia mto uliowatenga. Mimi namlilia Zhinü siku ile ya kwanza ufukweni, alipokosa njia ya kusema hapana. Samahani shoga, nakwambia bila kuzungusha: ukimnyima huyo kijana habari ya Salimu hadi baada ya nikaha, utakuwa umemfichia nguo.

Sasa nikupe ile ninayoipenda kuliko zote. Ni ya enzi ya Tang. Kijana Wei Gu, anayehangaika kutafuta mke, alikuta usiku mzee amekaa kwenye ngazi, ameegemea mfuko, anasoma kitabu kwa mwanga wa mbalamwezi. Kitabu kilikuwa cha ndoa za dunia nzima, na mfukoni mna nyuzi nyekundu za kufunga miguu ya wanaoandikiwa kuoana, hata kama ni maadui. Wei Gu akauliza wa kwake ni nani. Akaonyeshwa sokoni mtoto wa kike wa miaka mitatu, amebebwa na mwanamke chongo muuza mboga. Wei Gu akaona ametukanwa. Akamtuma mtumishi wake amwue yule mtoto kwa kisu. Mtumishi alilenga moyo akaukosa, kisu kikampata mtoto katikati ya nyusi.

Miaka 14 baadaye Wei Gu ni ofisa, na mkuu wake anamwoza binti mzuri. Binti huyo hubandika ua dogo kati ya nyusi, habandui hata akioga. Mwaka ukapita na zaidi. Siku moja mume akambana aseme. Mke akalia, akatoa yote: kwamba yeye si binti wa yule mkubwa, ni mtoto wa nduguye, kwamba alifiwa na wazazi akiwa mchanga, akalelewa na yaya aliyeuza mboga, kwamba sokoni mwendawazimu mmoja alimchoma kisu na kovu lipo. Wei Gu akauliza, yaya alikuwa chongo? Ndiyo, umejuaje? Akasema: aliyemtuma mwenye kisu ni mimi.

Wanasema tangu siku ile waliheshimiana zaidi. Nami nakuomba ukumbuke kwamba mwenye siri nzito pale alikuwa mume. Mke alikuwa amebeba aibu ya kovu asilolitaka mwenyewe, na aliponyanyua ua lake ndipo mume naye akapata pa kuliweka lake. Hujui huyo kijana wako anabeba nini. Ukisema, kaa kimya kidogo, mpe nafasi.

Basi nakushauri hivi. Mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, mahali ambapo anaweza kuondoka akitaka. Usimtume mshenga wala somo wako, na usiandike kwenye simu. Fanya kabla wazee wake hawajaja kuchukua jibu, mahari isiwe imepokelewa, ili hata akisema hawezi, asirudi nyuma kwa gharama na fedheha. Mwambie Salimu ana miaka saba na ni mwanao. Usianze kujilaumu mbele yake, wala usimtukane baba wa mtoto. Zungumza na mama kwanza, kwa sababu siri hii ni yake pia, alikubeba nayo usichana wako wote, na hastahili kuisikia imeshatoka.

Anaweza kuondoka, Rukia. Sitakudanganya. Xu Xian alibaki, lakini wa kwako simjui moyo. Akiondoka utaumia sana na mimi nitakuwa mbali. Lakini utakuwa na Salimu, na siku moja mtoto huyo ataacha kukuita dada. Na akibaki, atakuwa amekuoa wewe na mwanao, wala hutalala na ua usoni.

Nipigie ukishaongea naye. Huku tuko mbele yenu kwa saa tano, usihesabu, nipigie tu. Nisalimie mama sana, na umwambie Salimu zawadi yake nimeinunua.

Wako akupendaye,
Tatu