Herufi nyembamba za madoido zisiandike namba ya mchango

Ndugu Mhariri,

Kadi nyingi za mchango wa harusi hapa Dar es Salaam zina ugonjwa mmoja: kila kitu, kuanzia majina ya maharusi hadi namba ya simu ya kupokelea mchango, kimeandikwa kwa fonti ileile nyembamba yenye mikia na vikorombwezo. Fonti hizo ni nzuri, ila zinapelekwa kusikokuwa kwao.

Zimechorwa kwa ajili ya maneno machache makubwa. Chukua herufi za ukoo wa Bodoni, zilizotoka Parma, Italia, mwishoni mwa karne ya 18: nguzo, yaani mistari ya wima, ni nene; viungo, yaani mistari inayoziunganisha, ni vyembamba kama unywele. Enzi za herufi za kuchapia zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, kila ukubwa ulichongwa peke yake, na zile ndogo zilinenepeshwa viungo. Fonti nyingi za kompyuta zina mchoro mmoja tu, unaokuzwa na kupunguzwa. Kiungo chenye unene wa asilimia 2 ya ukubwa wa fonti kina milimita 0.34 kwenye pointi 48 (pointi ni kipimo cha herufi, kama milimita 0.35). Shusha hadi pointi 10, kinabaki milimita 0.07. Mashine ya kuchapa ya ofseti huanza kusumbua mstari ukiwa mwembamba kuliko robo pointi, yaani milimita 0.09 hivi. Maandishi meupe juu ya rangi nzito yanahitaji viungo vya nusu pointi, maana wino hutambaa na kuyaziba.

Kiungo kikipotea, "mnunuzi" linageuka safu ya nguzo. Hujui m imeishia wapi na u imeanzia wapi. Kwa lugha iliyojaa m, n na u kama yetu, hasara hiyo huonekana upesi.

Rangi ya dhahabu nayo inadanganya. Ikitengenezwa kwa kuchanganya rangi nne, huchapwa kwa nukta, na mstari mwembamba unakatikakatika. Afadhali wino wa dhahabu uliochanganywa tayari.

Kubwa zaidi ni namba. Katika fonti nyingi za mapambo 1 inafanana na I, 7 ina mkia unaoifanya ionekane 1, na 0 ni o tupu. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, mchango umeenda kwa mtu baki, na hapo kamati ijiandae kubembeleza. Namba iandikwe kwa fonti ya kawaida isiyo na madoido, pointi 10 au zaidi, ikigawanywa nne, tatu, tatu. Kumbukeni pia kwamba kadi hizi husambazwa WhatsApp, ambako picha hubanwa na viungo vyembamba hufifia kwanza.

Kwenye bango la barabarani msizitumie fonti hizi kabisa, maana viungo vyake havionekani kwa mbali. Kwa umbali wa mita 10 jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana takriban milimita 3. Kwa mita 60 ni kama 17. Kwenye kioo cha duka la manukato, msomaji akiwa hatua moja tu, zinapendeza mno, ingawa stika yenye viungo chini ya milimita 1 huchanika wakati wa kubandua.

Kabla ya kulipia fonti, au kupakua ya bure, andikeni "mnunuzi, ng'ambo, 0171" kwa ukubwa utakaotumika na mchape kwenye karatasi ileile ya kadi. Baadhi ya fonti za bure hazina alama ya ng', na programu huchomeka ya fonti nyingine bila kuuliza.

Mchapaji,
Dar es Salaam