Barua kutoka Kagunga

Kagunga, Kigoma
21 Juni 2015

Kwa ndugu yangu Sefu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba Ramadhani imeingia kwa heri huko Kasulu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, Mzee Kombo anakusalimu na kukukumbusha ule wavu wake, na watoto wote uliowafundisha kuogelea wakanusurika wanakusalimu pia. Najua sijakuandikia tangu Idi ya mwaka jana, na najua utasema kwamba nikiwa sina shida sikumbuki kuwa una anwani. Ni kweli. Nina shida, na shida yenyewe ni cherehani.

Ningekupigia simu, lakini unajua kwetu mtandao unapatikana mpaka mtu apande hadi mwembeni, na hata pale mara nyingine simu inakamata mnara wa Burundi, salio likaisha kabla sijamaliza kumsalimu shemeji. Isitoshe, maneno haya si ya kupigia kelele chini ya mwembe, ambako kila mwenye masikio anasubiri zamu yake.

Chini ya kitanda cha mama kuna kichwa cha cherehani ambacho si chetu. Jumamosi ijayo, tarehe 27, mwenyekiti ameitisha mkutano wa kijiji, na nimeambiwa nije nacho. Kaka Musa anataka kiuzwe, fedha ziende kwa waliochimbiwa mihogo. Mke wangu amesema kitatoka chini ya kitanda kile siku mwenyewe atakapokiagiza, na si siku moja kabla. Nami niko katikati yao, ninafunga mchana na kusikiliza usiku.

Mabasi ya kuwapeleka wakimbizi wa Burundi kwenye kambi ya Nyarugusu yamepita huko kwenu, kwa hiyo sitakueleza mambo uliyoyaona. Nitakueleza ya huku. Mwanzoni, rais wao alipotangazwa kugombea muhula wa tatu na Bujumbura ikachafuka, waliokuja walikuwa watu wetu wa siku zote, wale wa Nyanza-Lac wanaovuka kila siku ya soko kununua dagaa. Hao hatukuwaita wakimbizi hata kidogo. Tuliwapokea kwa majina yao, tukawapa mikeka, tukaulizana habari za wagonjwa. Kisha wakaja wale tusiowajua, na wakaja kwa maelfu. Wewe unaujua ufuo wetu ulivyo mwembamba, ziwa mbele na mlima mgongoni, barabara hakuna, na anayetaka kwenda Kigoma hana budi kupanda chombo. Katikati ya Mei wageni walikuwa wametuzidi mara kadhaa, na kutoka kwangu hadi msikitini ilinibidi niruke miguu ya watu waliolala. Tarehe 13 iliposikika kwamba jeshi lao linampindua rais naye yuko Dar es Salaam mkutanoni, mgeni mmoja pale kwangu alifunga mzigo wake, akatuaga na kutushukuru. Kufika Ijumaa mapinduzi yalikuwa yameshindwa, akaufungua tena kimyakimya, na hatukumtania.

Mwenye cherehani alifika katika siku hizo, mama mmoja na watoto wanne na mkwewe mzee, mmoja wa watoto akiwa mgongoni na kichwa cha cherehani kikiwa juu ya ngata, kimefungwa kitenge. Alikuwa ameshuka nacho mlima wote ule. Alipofika mlangoni hakuomba chakula wala maji. Aliuliza kama tuna mahali pakavu pa kukiweka. Mke wangu alikipokea kabla mimi sijafungua mdomo, na ndivyo walivyoingia. Walikaa siku 12. Meza yake ilikuwa imebaki kwao, kwa hiyo alikiweka juu ya kreti ya soda, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kusukuma kitambaa kwa wa kushoto, akashona kaptula za shule za watoto wa mtaa mzima. Ya mwanangu ndiyo anayoivaa mpaka leo. Hakutaka malipo kwetu, na kwa majirani alipokea ndizi.

Kisha kipindupindu kikatupiga. Walifariki watu takriban 30, karibu wote wageni, na hapo ndipo kijiji kilipokatika vipande viwili, kwa maana kabla ya hapo kulikuwa na manung'uniko tu. Wapo waliosema ugonjwa umeletwa. Wapo waliojibu kwamba umati kama ule, wenye vyoo vya kuhesabika na maji ya kunywa yanayotekwa palepale wanapooga, ungeugua hata kama ungekuwa umati wa malaika. Uvumi nao ukafuata, kwamba miongoni mwa wageni wamo Imbonerakure, wale vijana wa chama tawala cha Burundi, waliotumwa kuorodhesha majina, na kwamba kwa kuwa mwaka huu ni wa uchaguzi, wengine watajipenyeza kwenye daftari la wapiga kura. Mtu aliyekuwa hana hakika na jina la mjomba wake mwenyewe akawa anajua nani jasusi na nani si jasusi.

Katika mkutano wa kwanza, Kaka Musa alisimama akasema maneno ambayo, Sefu, sikuweza kuyapinga. Shamba lake la mihogo kule kwenye mteremko lilichimbwa lote kwa siku tatu, pamoja na ile michanga isiyofaa hata kwa kuku. Lilikuwa karo ya binti yake. Miti ya juu yake imekatwa kuwa kuni, na mvua za vuli zikija, udongo wote utashuka ziwani. Alisema wageni wameletewa dawa, mahema na biskuti, wameletewa hata meli, ilhali yeye mwenyeji hajaletewa hata fomu ya kujaza hasara yake. Akamalizia kwa kusema kwamba wazee walituambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi yule kijana wa Mzee Kombo, unamjua mdomo wake, akadakia kutoka nyuma: "Jembe alilitafuta mwenyewe, kaka, ndilo alilochimbia muhogo wako." Mkutano mzima ulicheka, na Kaka Musa akaketi. Mimi pia nilicheka, nikajuta, kwa sababu nilimwona akitazama viganja vyake.

Aliyesimama kuwatetea wageni kwa ufasaha zaidi ni mwenye duka la pale gatini. Alisema Waha na Warundi ni ndugu, kwamba ukimsikia mmoja akisalimu gizani huwezi kujua ni wa upande gani, na kwamba mwaka 1972 watu walivuka hivihivi na nchi haikuanguka. Yote ni kweli. Lakini ndiye yeye aliyepandisha bei ya unga mara mbili ndani ya wiki moja, akawa anauza maji ya chupa kwa watoto wanaoharisha. Tangu siku ile nimekuwa nikihesabu, na naona kwamba wengi wa waliosema wageni wabaki ni walionufaika, na wengi wa waliosema waondoke ni waliochimbiwa. Huruma haikugawanyika kwa namna hiyo hata kidogo. Bi Hadija, ambaye hana shamba wala duka, alilaza watu 17 katika vyumba viwili, naye kipindupindu kilimpata, akalazwa siku tatu kwenye dripu. Aliporudi alikuta wageni wamemfulia shuka na kumsiribia ukuta uliokuwa umebomoka. Bi Hadija hakusema neno mkutanoni. Hakuna aliyemuuliza.

Nami sikusema neno, na hapa ndipo ninapoona aibu kukuandikia. Mwenyekiti alieleza kwamba kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 wageni hawa wanapaswa kukaa mahali palipotengwa na Serikali, si majumbani mwetu, na kwa hiyo anaomba wenye wageni wanyooshe mikono ili ijulikane idadi. Hakutaja adhabu, bali Kaka Musa ndiye aliyesema watozwe faini. Nikafikiria ajira yangu ya ualimu. Nikafikiria kwamba aliyesema ni kaka yangu wa damu, na watu wote wanatutazama sisi wawili. Nikaiweka mikono yangu magotini. Basi upande wa wanawake mkono mmoja ukanyooka, mrefu, wenye bangili zile nilizomnunulia Ujiji, na sauti ya mke wangu ikasema: "Kwangu wapo sita." Tangu siku hiyo mtaani naitwa Mpangaji. Hata wanafunzi wanajua. Juzi nimekuta jina hilo limeandikwa kwa chaki ubaoni, tena kwa mwandiko mzuri, na sikuwa na moyo wa kuuliza nani.

Walipoanza kuondolewa, unajua Liemba haiwezi kukaribia ufuo wetu, hutia nanga mbali, na watu hupelekwa kwa vyombo vidogo. Meli ile ya Wajerumani ilizamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, na sasa katika uzee wake wote imebebeshwa watu 600 kwa safari moja hadi Kigoma. Siku ya mama yule, mwenye chombo alitazama mzigo wake akamwambia achague mtu au chuma. Alisimama na maji yakiwa magotini, mkwewe ameshikwa na vijana wawili, watoto wameshapandishwa. Akamgeukia mke wangu akampa kile kifurushi bila kusema kitu, kisha akanitazama mimi, ambaye sikunyoosha mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, nitunzie." Nami nikasema nitakitunza. Hapakuwa na karatasi wala shahidi zaidi ya mke wangu na ziwa.

Wiki mbili zilizopita nilikifungua nikipake mafuta, kwa maana unyevu wa huku haufai. Maandishi ya dhahabu yamefutika karibu yote kwa kushikwa. Sindano ilikuwa bado na uzi wa buluu, ule wa kaptula. Nilikifunga tena upesi, kama mtu aliyechungulia chumba cha mwenziwe.

Kuna mchuuzi wa Kigoma ametaja shilingi 80,000. Kaka Musa anasema fedha hizo haziwezi kurudisha shamba, ila zitalipa muhula mmoja wa binti, na kwamba mwenye mali hatarudi. Namwambia hiyo ni amana. Ananijibu kwamba muhogo wake nao ulikuwa amana, aliukabidhi kwa Mungu na udongo, na ukaliwa. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nimejitolea kumchangia karo kutoka kwenye mshahara wangu, akakataa, akasema hataki sadaka ya mdogo wake, anataka haki. Na hapo tena namwona kuwa ana hoja, isipokuwa haki yake haiko chini ya kitanda cha mama. Iko mahali fulani palipo na ofisi na mhuri, ambako hakuna mtu wa Kagunga aliyewahi kupafika. Mama yule hakuchimba shamba la mtu, alikuwa kwangu anashona.

Kuhusu hilo shamba, kuna jambo jingine. Shemeji, mke wa Kaka Musa, wazazi wake ni wa mwaka 1972, unajua, na usiku ule wa kwanza watu walikwenda moja kwa moja kwenye mihogo iliyokomaa kana kwamba wameonyeshwa. Lakini hilo tuliache.

Sasa ombi langu. Katika bahasha hii kuna karatasi ndogo iliyokunjwa, na humo nimeandika jina la mama huyo na la mkwewe, pamoja na umri wa watoto. Sikutaka majina hayo yawe ndani ya barua inayopita mikono mingi. Najua kambi ni kubwa, na kwamba kabla ya hawa ilikwisha kuwa na Wakongo walioko hapo tangu mwaka 1996. Lakini wewe una wanafunzi ambao wazazi wao wanafanya kazi mle, na fundi cherehani hajifichi, hata asipokuwa na cherehani watu huja kumuuliza.

Je, unaweza kumtafuta kabla ya Jumamosi? Akipatikana, anataka tumfanyie nini: tukipeleke Kigoma kwa chombo, kisha kwa basi hadi kwako, au tuendelee kukitunza? Wewe utaweza kukipokea stendi? Anaruhusiwa kushona mle ndani na kuuza, au kitachukuliwa getini? Yule mkwewe alifika salama? Ni kweli kwamba wengi bado wanalala makanisani na madarasani? Na watu wa Makere, pale jirani na kambi, wanasemaje, wameanza na wao kuhesabu kuni, au bado mko kwenye mikeka na majina? Wakongo wamewapokeaje? Na mwenyekiti wa kwenu, akisema wanyooshe mikono, wewe ungefanyaje? Hilo la mwisho unaweza kulijibu kwa faragha.

Jibu lako mpigie mke wangu, si mimi, kati ya alasiri na magharibi, ndio wakati anapokuwa mwembeni. Barua hii naituma kwa chombo cha kesho alfajiri.

Lipo swali moja zaidi la kumuuliza, nami nimeshurutishwa kuliandika. Shemeji, yule mke wa Kaka Musa, amekuja jana baada ya futari, peke yake, kuuliza kama anaweza kushonea watoto wake nguo za Idi kwa cherehani hicho. Mke wangu amemwambia asubiri mpaka mwenyewe aruhusu. Basi muulize na hilo, na kama atakubali, uulize pia anatumia sindano namba ngapi, maana iliyopo tumeogopa kuigusa.

Ndugu yako,
Mpangaji