Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Mafuriko ya Jangwani hayakutoka Aktiki

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,
Dodoma.

Yah: Barafu ya bahari isibebeshwe mzigo usio wake

Mheshimiwa,

Kila vuli ikizidi na eneo la Jangwani, Dar es Salaam, kufunikwa na maji, au bahari ikimega ufukwe mwingine, majukwaani husikika maelezo yale yale: barafu za ncha za dunia zinayeyuka. Kauli hiyo haikosi ukweli, ila imefunga mambo matatu, yaani kupanda kwa bahari, mvua na kuliwa kwa ufukwe, katika furushi moja, na kila moja lina tiba yake. Tunaomba yafunguliwe kabla ya hotuba ya bajeti.

Tuanze na usawa wa bahari. Barafu ya bahari ni maji ya bahari yaliyoganda, kwenye nyuzijoto kama -1.8, kisha yakaelea. Kule Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, unene wake aghalabu ni mita 1 hadi 3. Kwa kuwa inaelea, nafasi yake majini imeshaichukua; ikiyeyuka haipandishi bahari ila kwa kiasi kidogo mno kinachotokana na tofauti ya chumvi. Inayopandisha ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu: ya Greenland, ambayo ikiisha yote itaongeza mita 7 hivi, ya Antaktika, kwenye ncha ya kusini, yenye akiba ya mita 58 hivi, na ile ya milimani. Halafu maji yenyewe hutanuka yakipata joto. Kati ya 2006 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka.

Maofisa wako wanaweza kulionyesha hili mbele ya madiwani kwa glasi mbili. Ya kwanza itiwe vipande vinne vya barafu na maji ya kutosha kuvifanya vielee, kisha alama iwekwe kwa kalamu kwenye usawa wa maji. Ya pili iwekwe jiwe linalochomoza juu ya maji, alama itiwe kwanza, ndipo vipande vinne vipandishwe juu ya jiwe. Vikishayeyuka, maji ya glasi ya kwanza yatakuwa palepale na ya pili yatakuwa yamepita alama. Zoezi huharibika kwa njia mbili: barafu ya glasi ya kwanza ikikaa chini badala ya kuelea, maji yatapanda na kudanganya watu, na jasho la nje ya glasi hudhaniwa ni maji yaliyofurika, hivyo lifutwe kabla ya kusoma.

Lipo jingine ambalo halisemwi, japo linatuhusu kuliko hata wakazi wa Greenland. Lundo la barafu linalofikia unene wa kilomita 3 lina uzito unaovuta bahari upande wake. Likipungua, mvuto hulegea na maji huhama: karibu na Greenland usawa wa bahari hushuka, na huku tropiki, mwambao wetu ukiwamo, hupanda kupita wastani wa dunia.

Sasa mvua. Septemba 2019 na Septemba 2020 barafu ya bahari ya Aktiki ilikuwa haba kupindukia, miaka yote miwili. Lakini vuli ya 2019 ilileta mafuriko Afrika Mashariki, na ya 2020 ikafungua ukame mrefu wa Somalia na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Barafu haba ile ile, matokeo kinyume. Kilichobadilika kilikuwa joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki: 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko upande wa Indonesia, na 2020 ikaingia La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki ya tropiki. Vuli ya 2023 El Niño, yaani kupata joto kwa Pasifiki hiyo, na hali ile ya Bahari ya Hindi ya 2019 zilikuja pamoja. Mwananchi akiambiwa sababu ni ncha ya dunia, nani atauliza habari za mifereji iliyoziba?

Hatusemi barafu ya bahari ni jambo dogo. Ikiwa na theluji juu yake hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Bahari tupu hurudisha kama asilimia 6 tu na kumeza iliyobaki. Ndiyo sababu mojawapo Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Wakati wa baridi barafu huwa kifuniko: ikikosekana kwenye Bahari ya Barents, kaskazini mwa Ulaya, maji hutoa joto na mvuke kwa wingi kwenda hewani. Huko Shishmaref, Alaska, barafu ya bahari iliyokuwa ikikinga ufukwe huchelewa kufika, mawimbi ya dhoruba hula ardhi, na mwaka 2016 wakazi walipiga kura kuhama. Barafu ya bahari ya Antaktika nayo ilianza kupungua ghafla mwaka 2016, na Februari 2023 ilibakiwa na kilomita za mraba milioni 1.79 tu.

Ila kwamba upungufu huo unapindisha pepo kali za angani na kuwaletea Ulaya na Marekani vipindi vya baridi kali, wataalamu bado wanabishana. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, haikulipa uhakika mkubwa. Kama hata kwao halijaamuliwa, sisi tuliunganishe na masika kwa ushahidi gani?

Ukitaka takwimu ya jukwaani inayosimama, ipo: kila tani moja ya hewa ukaa huondoa kama mita 3 za mraba za barafu ya Aktiki ya Septemba. Tani hiyo hutokana na lita 370 hivi za dizeli. Inaeleweka kuliko picha ya dubu mweupe, ambayo imetumika mpaka imechakaa.

Tunaomba mawili. Waandishi wa hotuba wachukue sababu za mvua kutoka taarifa za msimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambazo huzitaja waziwazi. Na pale ufukwe unapoliwa, kama Kunduchi, uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha ufukwe huo uchunguzwe kwanza, kisha vipimo vya maji kujaa na kupwa viwekewe fungu la matengenezo, kwa sababu wastani wa dunia hauwezi kumwambia mhandisi wa Pangani ukuta wake uwe na urefu gani.

Wako,
Wafuatiliaji wa hali ya hewa na walimu wa jiografia