Muvi ya vijana na kofia ya marehemu baba

Mhariri, salamu. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mimi ni fundi wa nguo huku Kisauni, lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa na usingizi siupati vizuri.

Walinijia vijana wanne wa koleji, siitaji ni ipi, wanasomea mambo ya filamu. Wakaniamkia vizuri, shikamoo mama, wakasema wanashuti muvi fupi ya mtihani na wanatafuta vitu vya kizee vya kuazima. Nikawapa hando la nyanya yangu, kigoda, bakora, na kofia ya marehemu baba yangu ile ya kushonwa kwa mkono. Stori yenyewe inahusu nini sikuuliza. Kosa langu hilo.

Juzi wakanialika kuitazama, ukumbini, projekta ukutani, viti vya plastiki na soda moja moja. Dakika 14 tu. Kuna jamaa wa kanzu amelala barazani tangu muvi inaanza mpaka inaisha, kazi yake kuitisha kahawa tungu, kuna Mhindi wa duka anahesabu sarafu na Kiswahili chake cha veve nini taka, kuna mtu wa bara hata matangani anaongea hela, halafu kuna msichana wa kazi, na huyo ni Mgiriama bila kuuliza maana kwa muvi zetu msichana wa kazi ni Mgiriama siku zote kama kwamba tumezaliwa na fagio mkononi. Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka, sisemi uongo, yule wa baraza ni shemeji yangu mtupu.

Halafu akaingia mzee.

Sasa sikiza vile walivyomuingiza. Wale wengine wote wameshutiwa mchana, kamera inawatazama usoni, unamuona mtu anakunja uso anacheka. Huyu mzee kamera ikaanzia kwenye miguu, ikawa yapanda pole pole, ngoma nzito chini kwa chini, taa wameiweka sakafuni inammulika kutoka chini hadi macho yakawa mashimo mawili. Ni kijana wa miaka kama 20 wamempaka poda nyeupe kichwani iwe mvi, na juu ya hiyo poda wamemvika kofia ya baba. Haongei na mtu, ananuiza tu, na lugha anayonuizia wallahi siijui, kila neno wamelitia dza mwisho. Ni kweli sisi Wagiriama twasema madzi, twasema dzuwa, lakini hizo za kwenye muvi hata mbuzi wa Mariakani hazielewi.

Na msitu anamokaa huyo mzee ati ni kaya. Kaya, mhariri! Hizi kaya ni misitu mitakatifu ya Mijikenda, yale makabila tisa ya pwani na sisi Wagiriama tumo, na UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya Fungo, Waingereza waliilipua kwa baruti mwaka 1914 maana ndipo Wagiriama walipokula kiapo na Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza kumpinga mzungu, kuwa hawatoi vijana wao wakawe vibarua wa mzungu. Kwenye muvi imekuwa boma la kufugia majini.

Mwisho vijana wa kijiji wanamtimua mzee na mapanga, skrini ikawa nyeusi, makofi. Mwalimu wao akasimama akasifu ile taa ya sakafuni.

Mimi mikono ilikataa kupiga makofi. Baba yangu alitoka mvi mapema, hajafika 50 kichwa kishakuwa cheupe, na kila Jumamosi huko kwetu Kilifi nilikuwa nampaka piko, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi, mswaki mkuukuu na gazeti mabegani asichafue shati. Wageni walidhani mzee anapenda urembo. Alikuwa anaogopa. Wazee wa huko wanakatwa mapanga ati ni wachawi, hilo hakuna mtu wa pwani asiyelijua, Kilifi na Kwale pia, na ukifuatilia chini chini mara nyingi unakuta ni shamba, mzee ana ekari zake na kuna mtoto au mpwa anataka kuuza, sasa njia ya mkato ni kumpa mzee jina la mchawi, mvi ndio ushahidi. Waliobahatika wamekimbilia Ganze kwenye kituo cha Kaya Godoma, wanaishi huko mbali na watoto waliowazaa wenyewe. Kituo kinaitwa kaya, umeona? Na sheria ya uchawi iko tangu 1925, inasema hata kumsingizia mtu kuwa ni mchawi ni kosa, lakini wewe ushawahi kusikia mpwa wa mtu amepelekwa kortini kwa hilo?

Baada ya soda nikamvuta pembeni yule kijana aliyeandika skripti. Mwanangu, yule mzee anaitwa nani? Kimya. Nikamwambia nimeyasoma yale majina ya mwisho, wa kanzu ana jina, msichana wa kazi ana jina, hata paka ana jina, mzee mmeandika MCHAWI basi. Akasema mama hii ni muvi tu, na watu wanapenda mambo ya uchawi, ndiyo yanaangaliwa. Nikamuuliza kwenu wapi. Akasema Kaloleni, huko huko Kilifi kwetu Wagiriama.

Nikachoka kabisa. Babu yupo? Yupo. Ana mvi? Akataka kucheka, akaacha.

Sisemi muvi ipigwe marufuku, katiba ya 2010 kifungu cha 33 kinampa msanii uhuru wake na mimi siupingi, tena hawa watoto wana mkono, kuna mahali wameshuti feri ya Likoni alfajiri watu wanamiminika na viatu mkononi mpaka nikahisi ile harufu ya bahari na dizeli. Lakini muvi nzima hakuna aliyeuliza lile shamba la mzee linabaki na nani akishafukuzwa. Wale wenye mapanga ndio kamera imesimama nyuma yao, inatazama wanapotazama wao. Wangempa mzee dakika moja tu ya mchana, akae kwenye kigoda changu, aseme minazi yake ni mingapi na nani alikuja juzi kuulizia bei, muvi ingekuwa nyingine kabisa na hata uchawi wao wangebaki nao kama wanautaka sana. Na babu wa Kaloleni yupo, nauli ni matatu moja tu kutoka Mombasa, hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Vitu wamerudisha vyote, kwa hilo nawashukuru. Ila ile poda imeingia kwenye uzi wa kofia, pale pembeni inapokaa juu ya sikio. Nimeifua mara mbili na sabuni ya kipande na haijatoka.

Fundi wa nguo,
Kisauni, Mombasa